Mtambo wa simu usioijua saa mbili usiku

MIZANI YA OFISI
Na Zuhura Makame

Ofisi inapotaka kununua mtambo wa simu, mabishano huishia kwenye bei na kwenye jedwali la muuzaji. Ujumbe wa sauti unaingia kwenye barua pepe? Ndiyo. Unasikilizwa kwa simu ya mezani na kwa kompyuta? Ndiyo. Mpigaji anaweza kuelekezwa idara anayoitaka bila mtu wa mapokezi? Ndiyo. Mitambo miwili ikijibu ndiyo kila mahali, unachukuliwa wenye bei ndogo au wenye jina kubwa. Naiona mizani hiyo kuwa na kasoro, na kasoro yenyewe inaonekana vizuri tukiweka sahani moja mitambo miwili iliyofanya kazi ile ile kwa zaidi ya miaka kumi: huduma ya ujumbe wa pamoja iliyokuwa ndani ya Exchange, mtambo wa barua pepe wa Microsoft, na Asterisk, programu huria ya kuendeshea swichibodi. Swali la kwanza kuulizwa lilipaswa kuwa hili: ni nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha mtambo, na ni nani mwenye mamlaka ya kuuzima?

Haki inadai tuanze kwa kukiri kwamba Exchange ilifanya kazi nzuri. Toleo la 2007 ndilo lililoleta huduma hiyo, na sauti ya mteja aliyekosa mtu wa kupokea simu ikaanza kuingia kwenye kikasha kile kile cha barua pepe. Mfanyakazi aliye safarini aliweza kupiga simu ofisini akasomewa barua zake na ratiba yake ya siku. Toleo la 2010 likaongeza uwezo wa kuyageuza maneno ya mpigaji kuwa maandishi, ili aliye kikaoni asome pasipo kuinua simu. Mafundi wa TEHAMA nao walipumua, maana barua na sauti zilitunzwa mahali pamoja na nakala rudufu ikawa moja. Ila huduma hii ilihitaji leseni ya ziada kwa kila mtumiaji, na hatima yake iliamuliwa Redmond, makao makuu ya Microsoft. Mwaka 2017 Microsoft ilitangaza kwamba Exchange Online, ile inayotolewa kupitia mtandao, ingeacha kuunganishwa na mitambo ya simu ya kampuni nyingine kwa njia iliyozoeleka. Oktoba 2018 ikaja Exchange 2019, na huduma ile haikuwamo kabisa. Februari 2020 ikafungwa kwenye Exchange Online pia. Notisi ilitolewa, na mbadala ukawapo kwa waliokuwa tayari kuhamia kwenye simu za Microsoft yenyewe, kwa hiyo sisemi kwamba kuna aliyedanganywa. Nasema kwamba ofisi yenye swichibodi nzima, iliyokwisha kulipiwa, ya kampuni nyingine, ilijikuta inasaka mtambo mwingine wa ujumbe kwa uamuzi ambao haikuulizwa.

Asterisk ilizaliwa kwa shida ya mtu aliyekosa pesa. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama, Marekani, alihitaji swichibodi kwa kampuni yake ndogo ya kuhudumia watumiaji wa Linux, akakuta bei haishikiki, akaandika programu yake mwenyewe kisha akaiachia umma kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Ujumbe wa sauti ulimo humo, na unaweza kutumwa kwa barua pepe kama kiambatisho. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kila ujumbe hukaa kwenye seva ya ofisi kama faili la sauti, na pembeni yake faili dogo la maandishi linaloeleza nani alipiga na lini. Kompyuta yoyote inayafungua yote mawili. Mwaka ule ule wa 2018 kampuni ya Spencer, Digium, ilinunuliwa na Sangoma ya Kanada. Mwenye mali alibadilika, lakini ofisi zilizokuwa zikitumia programu hiyo hazikupoteza kikasha hata kimoja, kwa kuwa leseni zilizoipokea haiondoki na mnunuzi.

Kwetu sisi mamlaka hayo ya kuubadilisha mtambo yana uzito wa pekee, kwa sababu ya lugha. Fikiria mtambo unaomwambia mpokezi wa hoteli ujumbe ulipokelewa lini. Mgeni amepiga saa ambayo Mwingereza anaihesabu kuwa nane za usiku. Ukichukua sentensi ya Kiingereza ukatafsiri neno kwa neno, mtambo utatamka saa nane usiku, na kila anayezungumza Kiswahili ataelewa kwamba mgeni alipiga usiku wa manane, wakati ukweli ni saa mbili usiku, watu wakiwa bado mezani wanakula. Hayo ni makosa ya saa sita. Kwenye zahanati au kampuni ya ulinzi makosa ya namna hiyo yanaweza kumfanya mtu aende mahali akiwa amechelewa. Tena kuna mpangilio wa maneno. Mashine hizi huunganisha vipande vilivyorekodiwa, na Kiingereza hutanguliza idadi kabla ya kitu. Kiswahili kinataka kitu kwanza, idadi ifuate na kubadilika nacho: ujumbe mmoja mpya, jumbe mbili mpya. Kurekodi maneno ya Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza huzaa mazungumzo ambayo mteja anayasikia kama ya mgeni anayebahatisha.

Katika Exchange, msimamizi aliweza kurekodi salamu ya mapokezi kwa lugha yoyote. Maelekezo ya ndani, yaani idadi ya jumbe, saa na tarehe, yalifungwa kwenye lugha ambazo Microsoft ilizitolea vifurushi, na Kiswahili hakikuwamo. Uandishi wa maneno ya mpigaji nao uliegemea Ulaya na Amerika. Katika Asterisk, vipande vya sauti ni faili kwenye folda. Mtangazaji mwenye matamshi safi anaweza kuvirekodi kwa siku chache. Kanuni za kupanga maneno zimo ndani ya msimbo ulio wazi, na ndiyo maana Wapolandi, Wagiriki na Wacheki wana kanuni zao humo. Kiswahili kina njia ile ile, na hakuna wa kuombwa ruhusa.

Najua jibu la wengi: nani hapa kwetu anaacha ujumbe kwenye simu ya ofisi? Watu hubipu, au wanatuma sauti kwa WhatsApp. Ni kweli, na huo ndio ushahidi kwamba watu hawakukataa kuzungumza na mashine. Tangu WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, watu wamekuwa wakieleza shida zao ndefu kwa sauti tangu asubuhi hadi usiku. Walichokikataa ni mtambo unaowajibu kwa lugha isiyo yao na kuwapotezea salio. Na sauti hizo za wateja ziko wapi sasa? Mara nyingi zimo kwenye simu binafsi ya mfanyakazi wa mauzo, na siku akiacha kazi anaondoka nazo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina yake ya 2022. Meneja atakayeulizwa sauti ya mteja imehifadhiwa wapi hawezi kujibu kwamba iko mfukoni mwa mtu aliyehama mji.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fundi. Programu huria haina ada ya leseni, lakini inadai mtu anayeijua, na ofisi yenye watu kumi haina mtu huyo. Mtambo ulioachwa bila kuhudumiwa ni hatari, na hapa namba ya siri ndiyo inayoponza. Waandishi wa gazeti la Uingereza la News of the World, lililofungwa Julai 2011, walisikiliza jumbe za watu wengi kwa kutumia namba za siri za kiwandani ambazo wenye simu hawakuzibadilisha. Hatari hiyo iko kwa mtambo wa bure na wa kulipia. Nakubali kwamba ofisi ndogo isiyo na fundi inafanya vema kulipia huduma inayoendeshwa na wengine. Nisichokubali ni kulipia huduma ambayo huwezi kutoka nayo.

Suala hili lina haraka kwa ofisi zilizobaki na Exchange 2016, toleo la mwisho lililobeba huduma ile, ambalo msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Zinahama, zitake zisitake. Kabla ya kutia sahihi, mbele ya muuzaji, apigiwe simu mtu asiyepokea, aachiwe ujumbe saa mbili usiku. Kisha muuzaji autoe ujumbe huo kama faili, ucheze kwenye kompyuta isiyo na uhusiano wowote na mtambo wake, na mtambo wenyewe utamke kwa Kiswahili ulipokelewa saa ngapi.