Mbegu ya maharagwe huchaguliwa mche ukiwa hai

JEMBE NA UDONGO
Na Nyambura Gathoni

Sikumbuki mamangu akinunua mbegu ya maharagwe. Kila msimu, maganda yalipoanza kujaa, alipita kati ya mistari akiwa na vitambaa vyekundu alivyorarua kutoka nguo kuukuu, akavifunga kwenye miche aliyoipenda. Mche wenye kitambaa haukuguswa. Sisi watoto tukitumwa kuchuma ya kupika, tulijua kwamba kung'oa ganda moja pale ni kutafuta fimbo.

Nimemkumbuka sana tangu Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilipoamua kuwa vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomzuia mkulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zake za kienyeji vinakiuka Katiba. Wakulima 15 ndio waliokwenda kortini mwaka wa 2022. Chini ya sheria hiyo, iliyorekebishwa mwaka wa 2012, mkulima aliyemuuzia jirani mbegu isiyosajiliwa angeweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Mamangu angehesabiwa mhalifu kwa kikombe cha maharagwe.

Nilishangilia uamuzi huo, na bado naushangilia. Lakini korti imeturudishia haki tu. Ujuzi hakuna atakayetupatia ila sisi wenyewe. Wengi wetu tumezoea kwamba mbegu hutoka dukani ndani ya pakiti, na asiye na pesa za pakiti huchota konzi kwenye gunia la kupikia. Gunia la sokoni limechanganya maharagwe ya mashamba mengi, ya miche mizima na ya miche iliyougua, na ukishayapura huwezi kujua lipi lilitoka wapi. Magonjwa kadhaa ya maharagwe husafiri ndani ya punje yenyewe: virusi vinavyokunja majani na kuyatia mabaka, na kuvu inayoacha vidonda vya kahawia vilivyobonyea kwenye maganda. Punje inaweza kung'aa machoni na bado ibebe maradhi.

Ndiyo maana kitambaa chekundu kilikuwa na maana. Mama aliuchunguza mche wakati bado unaweza kumwambia kitu. Je, ulistahimili zile wiki mbili za jua kali? Majani yako safi? Maganda ni mengi, na yote yamejaa? Aliufunga mche wa aina hiyo, na uliokunjamana aliung'oa akautupa mbali na shamba. Katika bustani ya nyuma ya nyumba, miche 20 au 30 iliyochaguliwa hivyo inatosha kukupa mbegu ya msimu ujao na ya kumgawia mtu.

Na anayetaka kujifunza kuhifadhi mbegu hana mwalimu mpole kuliko haragwe. Ua lake hujichavusha lenyewe, aghalabu kabla halijafunguka, kwa hiyo ukipanda aina ya Wairimu utavuna Wairimu. Mahindi hayako hivyo. Chavua yake hupeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani, na ukirudia kupanda punje za mahindi chotara, mazao yanayofuata hayafanani na mama yao. Nyuki huchanganya maharagwe mara mojamoja tu. Mimi huacha hatua chache kati ya aina na aina.

Yaache maganda yakauke mcheni mpaka yatoe sauti ukiyatikisa. Mvua ikitishia, ng'oa mche mzima uuning'inize chini ya paa. Usisubiri kupita hapo, kwa sababu fukusi wa maharagwe huanza kutaga mayai shambani, maganda yanapokauka, na wewe huwabeba hadi nyumbani bila kujua. Ukishapura na kupepeta, anika tena kivulini penye upepo. Kujua kama mbegu zimekauka, tia punje chache kwenye chupa ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, ungoje dakika chache: chumvi ikinata kwenye kioo, bado zina unyevu. Mama alichanganya zake na jivu lililochekechwa, akazifungia kibuyuni. Mwenye friji anaweza kuzigandisha siku chache zikiwa kavu kabisa, na fukusi watakufa.

Wapo wanaosema mbegu iliyoidhinishwa humlinda mkulima dhidi ya magonjwa na walaghai. Hoja hiyo ina uzito. Anayeuza mbegu kwa watu asiowajua anastahili kukaguliwa, na mimi mwenyewe nimewahi kuuziwa pakiti ambayo hata nusu yake haikuota. Ila sheria iliyomweka mlaghai huyo na bibi anayemgawia jirani katika kapu moja ilikosea tangu mwanzo. Tena tusisahau kwamba Rosekoko na Wairimu tunazouziwa leo zilichaguliwa na watafiti wa Thika kutokana na maharagwe yaliyokuwa tayari mikononi mwa wakulima. Watafiti walifanya kazi njema. Lakini waliikuta mbegu kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameihifadhi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke.

Ninachotaka sasa kutoka kwa kaunti ni maafisa wa kilimo watakaokuja vijijini kufundisha haya kabla mvua ya vuli haijaanza, badala ya kungoja siku ya maonyesho.

Kwangu maharagwe yameanza kujaa maganda. Jana nilifunga vitambaa kwenye miche 24. Jirani yangu, mama wa watoto watatu aliyehamia hapa juzijuzi, aliniuliza kupitia uani kama ni uchawi. Nilimwita ndani, nikampa mkasi na kipande cha nguo kuukuu, tukaimaliza mistari miwili iliyobaki pamoja.