FILDI YA BURE: HIVI HAPA MKWAJUNI NANI ANAMPA NANI RUZUKU?

Leo siasa za juu tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachomgusa kila aliyepita chuo au mwenye mdogo wake chuoni: fildi.

Kila ikikaribia likizo ndefu ya vyuo, hapa Mkwajuni utawaona vijana wamevaa shati la kupiga pasi, bahasha ya kaki mkononi, wanatoka ofisi hii wanaingia ile. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Majibu mnayajua. Nafasi zimejaa. Bosi hayupo. Acha namba tutakupigia. Ukibahatika kupokelewa, habari ya hela hata kuuliza unaogopa, maana utaambiwa ushukuru umepata pa kujifunzia.

Mimi nimeyapitia. Wiki nane kwenye ofisi moja (jina tuliache), kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa kopi na kufuata chai. Nauli mfukoni mwangu, chakula mfukoni mwangu. Ripoti ya fildi niliijaza mambo ambayo niliyaona kwa mbali tu.

Sasa tuangalie wenzetu. Kanada walianzisha mpango mwaka 2017: mwajiri akimchukua mwanafunzi wa chuo kwa mafunzo ya kazi na akamlipa mshahara, serikali inamrudishia hadi nusu ya mshahara huo, mwisho dola 5,000 za kwao. Kwa makundi yanayoachwa nyuma, kama wenye ulemavu na wanawake wanaosoma sayansi na teknolojia, ilikuwa hadi asilimia 70, mwisho dola 7,000.

Mtasema hao ni matajiri. Haya, njooni Afrika. Afrika Kusini walianza Januari 2014: mwajiri anayemwajiri kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo anapunguziwa kodi ya mishahara anayoipeleka serikalini. Mwanzoni ilikuwa hadi randi 1,000 kwa mwezi kwa kila kijana. Na majirani zetu Kenya, kwa sheria ya fedha ya mwaka 2015, waliweka kwamba mwajiri akichukua wahitimu wa chuo kikuu wasiopungua 10 kwa miezi 6 hadi 12, anapata mwaka unaofuata nafuu ya kodi sawa na nusu ya mishahara aliyowalipa. Baadaye wakaongeza na wahitimu wa vyuo vya ufundi.

Na Bongo je? Hapa ndipo penye utamu, au uchungu.

Bongo ruzuku ipo, ila inakwenda kinyume. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa HESLB ana fungu la mafunzo kwa vitendo. Neno lenyewe ni MKOPO. Yaani kijana anakopa, anakwenda kumfanyia mtu kazi bila malipo, halafu akija kupata ajira anakatwa alipe deni. Asiye na mkopo, hela inatoka kwa mama anayeuza maandazi. Kwa hiyo anayetoa ruzuku ni familia ya mwanafunzi, na anayepokea ni mwajiri. Tusidanganyane.

Haki itendeke: serikali haikulala moja kwa moja. Tangu 2016/17 kumekuwa na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanzia Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye uanagenzi na mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Ni jambo jema. Lakini hayo ya uzoefu kazini ni ya aliyekwisha maliza. Yule aliye mwaka wa pili na bahasha yake ya kaki hayumo.

Hela itoke wapi? Ipo tozo ya kuendeleza ujuzi, ile ambayo mahasibu wanaiita SDL. Mwajiri anaitoa juu ya jumla ya mishahara anayolipa. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikawa inashushwa kidogo kidogo, na Julai 2023 ikatoka asilimia 4 kuwa 3.5. Sehemu yake imekuwa ikienda VETA, na sehemu nyingine imekuwa ikisaidia mikopo ya elimu ya juu. Waajiri wamelalamika miaka nenda rudi kwamba ni nzito. Serikali imewasikia kwa kuishusha kwa wote sawasawa. Na hapo ndipo ninapokwazika. Mwajiri anayepokea wanafunzi kumi na kuwafundisha amepata nafuu ileile na yule aliyefunga geti!

Tufanye hesabu ya mfano. Kampuni ina watu 20, wastani wa mshahara shilingi 400,000. Jumla ni milioni 8 kwa mwezi. Asilimia 3.5 yake ni 280,000. Tuseme nusu ya hiyo, 140,000, inarudi kwa kampuni iwapo tu imemlipa mwanafunzi wa fildi. Geti litafunguka au halitafunguka?

Lakini ngoja, msishangilie bado. Hesabu hiyo ni ya Dar. Ilete Mkwajuni ione vumbi.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, lakini waajiri wakubwa ni wa kuhesabu: halmashauri yenyewe, na huko nje kidogo mgodi wa New Luika, ulioanza kutoa dhahabu 2012. Waliobaki ni sisi kwa sisi: karasha, mialo ya kuchenjua dhahabu, gereji, duka la dawa, pembejeo, gesti. Wengi wana watu watatu, wanne. Na SDL kwa sheria iliyorekebishwa inamhusu mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea. Mwenye gereji hailipi, sasa utamrudishia nini? Hata ule utaratibu wa Kenya ungekufa hapa: nani Mkwajuni ana nafasi ya wahitimu 10 kwa mkupuo?

Kwa hiyo tukiiga kama ilivyo, hela zitaishia mijini, na kijana wa kwetu ataendelea kulala kwa shemeji Mbeya akitafuta fildi.

Maoni yangu ni haya. Sehemu ya tozo hiyo itengwe iwe fungu la fildi, na ilipwe kwa mwanafunzi MOJA KWA MOJA kwenye simu, sio kwa bosi. Mwajiri mdogo aweke nusu, fungu liweke nusu. Chukua siku 40 za kazi, shilingi 6,000 kwa siku: jumla 240,000. Serikali inatoa 120,000. Vijana 100 wa wilaya nzima ni milioni 12 tu. Kuna semina zinakula zaidi ya hapo.

Na ile asilimia 4 ya vijana kwenye mapato ya halmashauri? Ile ni mikopo ya vikundi. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Mwanafunzi wa fildi wa wiki nane ataunda kikundi saa ngapi?

Hatari zipo, tusijifanye hatuzioni.

Kwanza, wanafunzi hewa. Nchi iliyokuta wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 mwaka 2016 haishindwi kuzalisha fildi hewa. Ndiyo maana nasema chuo kithibitishe na msimamizi aje kuona kwa macho, sio kwa simu.

Pili, bosi anaweza kumtoa kibarua wa siku zote aweke mwanafunzi wa nusu bei. Afrika Kusini chama cha wafanyakazi cha COSATU kilipinga mpango kwa hofu hiyohiyo. Na watafiti Vimal Ranchhod na Arden Finn walipoangalia miezi sita ya mwanzo, hawakuona ajira za vijana zikiongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Wapo waajiri waliopata nafuu kwa watu ambao wangewaajiri hata hivyo. Hili ni funzo: ruzuku peke yake haizalishi kazi mahali ambapo kazi hakuna.

Ila fildi sio ajira. Fildi ni kujifunza, na kijana wa maabara akae kwenye mwalo aone sianidi inavyotumika salama, badala ya kufuata chai. Mwenye mwalo naye ana hoja: mgeni anamchelewesha, akiumia ni kesi. Hiyo 120,000 ndiyo inayompunguzia mzigo huo, na kwa kuwa ameweka hela yake nusu, hatakubali kijana akae bure.

Nyie mliofanya fildi mwaka huu, mlilipwa? Mlijifunza nini cha kweli? Semeni hapo chini, ila majina ya mabosi muyaache. Na kama kuna mwajiri anasoma hapa, naye aseme kwa nini geti linafungwa. Tunataka kusikia pande zote.