Heshima ya Mzazi Ugenini

Mtu ahamaye nchi yake huchukua mizigo miwili. Mmoja huonekana begani. Wa pili ni mila aliyolelewa nayo, ambayo hutaka kumrithisha mwanawe. Leo twapenda kuuzungumzia huo wa pili, tukiwatazama wazazi wasemao Kihispania waliohamia Marekani kutoka Mexico, Guatemala, El Salvador na nchi nyinginezo.

Wengi wao huchuma mboga mashambani, hukata nyama viwandani, hujenga nyumba na kusafisha ofisi za watu. Hutoka alfajiri, hurudi usiku. Mtoto naye hujifunza Kiingereza shuleni upesi kuliko wazazi wake, na afikapo miaka 12 au 13 amekwisha kuwa mkalimani wa nyumba, kwa daktari na hata kwa mwenye nyumba. Hapo mambo hupinduka. Mzazi hutegemea kinywa cha mtoto, na mtoto huanza kudhani kuwa yeye ndiye kiongozi. Tena katika nyumba nyingi iko hofu ya kufukuzwa nchini, na kijana hulala nayo.

Kwa Kihispania, kusema kwamba mtu ana „educación” si kusema kwamba amesoma tu, ni kusema kwamba ana adabu. Msomaji wetu alijua jambo hilo tangu utotoni mwake. Basi mshauri asiyelijua akimwambia mama amwache kijana ajibizane na wakubwa, mama ataitikia kwa upole, wala hatarudi tena.

Wako waliolifahamu hili. Mjini Detroit, Rubén Parra-Cardona na wenzake walichukua mafunzo ya malezi yaliyotungwa Oregon: kumsifu mtoto atendapo mema, kumwekea mipaka pasipo kumpiga, kujua aliko na rafiki zake ni nani. Katika uchunguzi wao uliotangazwa mwaka 2017, familia 103 ziligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lilipewa mafunzo hayo kwa Kihispania, yakiwa yamerekebishwa. La pili lilipewa hayo hayo pamoja na mazungumzo juu ya uhamiaji, ubaguzi, na kuishi kati ya mila mbili. La tatu lilingoja zamu. Mafungu yote mawili yaliyofunzwa yalinufaika, na lile la pili lilizidi katika baadhi ya mambo. Baadaye mafunzo hayo yalitengenezwa pia kwa wazazi wa vijana wanaobalehe. Huko Miami nako, mpango uitwao Familias Unidas huwakutanisha wazazi kwanza, kisha huwafuata nyumbani wazungumze na vijana wao.

Wako wasemao: aliyehama na afuate desturi za wenyeji. Sheria za nchi azifuate, naam. Lakini kijana aliyefundishwa kuwadharau wazazi wake atamsikiliza nani tena? Mtaa hauna adabu ya kumfundisha.

Hata hivyo tusidanganyane. Mafunzo yaliyo bora kabisa hayamfai baba ambaye yuko kazini saa ya mkutano. Wanaotaka vijana wema na wawafuate wazazi saa wanazopata nafasi, wawape watoto wadogo mahali pa kukaa, wawaletee wakalimani hospitalini na shuleni ili mtoto apumzishwe kazi ile. Na waajiri nao wawalipe wazazi ujira utoshao, ili jioni moja ya juma wapate kula pamoja na watoto wao.