Wazazi wa Murera wasaidiwe

Wazazi wa Murera wasiachiwe peke yao jukumu la kuwaepusha vijana wao na magenge.

Huku Murera, kati ya Ruiru na Thika, mashamba ya kahawa yamekatwa ploti na nyumba za kukodi zimejaa wageni. Mzazi hutoka alfajiri kwenda viwandani Thika au vibaruani Nairobi, na kurudi usiku. Jirani ambaye zamani angemkemea mtoto wa mwenzake, leo hata jina la mtoto huyo halijui.

Marufuku pekee haitoshi. Genge la Mungiki lilipigwa marufuku mwaka wa 2002, na sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa ikapitishwa mwaka wa 2010, lakini magenge hubadilisha majina na kuendelea. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na kukosa karo ya chuo hushinda stejini, na anayemwita kwanza ni yule wa genge mwenye zamu ya kukusanya ada za matatu. Anapewa hela, marafiki na heshima, vitu ambavyo kwingineko alivikosa.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti zivipe vifaa na walimu, na zipunguze karo. Mabaraza ya kujadili magenge yafanywe Jumapili alasiri, wazazi wakiwa nyumbani, si asubuhi ya siku ya kazi. Muhimu zaidi, mama anayetafuta usaidizi wa kumtoa mwanawe gengeni ahakikishiwe, kuanzia sasa, kwamba hatakuwa amemkabidhi kwa risasi za polisi.