Zungukeni kwanza, nepi zitawangoja

Siku hizi harusi Nairobi huanza na kundi la WhatsApp. Unaamka asubuhi unapata umeongezwa pamoja na watu 180, nusu yao huwajui, na mwenyekiti wa kamati ashabandika bajeti: hema, keki, magari, mpiga picha, watu wa muziki. Jumla, Sh800,000. Chini yake kuna nambari ya M-Pesa na ombi: "Tafadhali tushikane mikono."

Tunashikana. Jumamosi tunakula pilau, tunacheza densi, tunapiga picha. Jumatatu bwana harusi anarudi kazini na deni la Sacco, na kabla miezi mitatu iishe mavyaa ameanza kumtazama mkaza mwana tumboni.

Mimi nauliza tu. Tukichukua nusu ya hiyo doo tukawapa hao wawili, waende wazunguke dunia miezi kadhaa kabla ya mtoto wa kwanza, kuna mtu atakufa?

Najua kuna msomaji ashasonya. Ati hayo ni mambo ya wazungu. Sawa, tuanze na hao wazungu.

Ukikaa Nairobi utawaona. Gari kubwa lenye namba za Ujerumani au Uholanzi, hema limekunjwa juu ya paa, mitungi ya maji ubavuni. Ndani ni mume na mke, miaka yao thelathini hivi. Wanatoka Cairo wakielekea Cape Town, au wamegeuza. Wanapiga kambi Karen siku chache, wanafua nguo, wanatengeneza breki, wanasonga mbele.

Mtaani tunasema hao ni watu wasio na kazi. Wapi! Wengi walikuwa na kazi, wakadunduliza miaka, wakauza vitu vya nyumba, wakaomba ruhusa ndefu isiyo na mshahara. Ukiwauliza kuhusu watoto, jibu huwa fupi: tukirudi.

Sasa linganisha na sisi. Usinidanganye kwamba Mkenya hasafiri. Mkenya anasafiri sana, ila mpangilio wetu ni kinyume. Tunazaa kwanza, maisha yanatubana, halafu mmoja wetu anapanda ndege peke yake. Mama wa mtoto wa mwaka mmoja anaenda Saudi Arabia kwa kandarasi ya miaka miwili kufanya kazi za nyumba. Baba wa wawili anaenda Qatar kulinda mlango. Mtoto anabaki kwa nyanya, na ndoa inabaki kwenye simu.

Wenzetu wanasafiri pamoja kisha wanazaa. Sisi tunazaa pamoja kisha tunasafiri mmoja mmoja. Halafu tunashangaa ni kwa nini mtu anarudi baada ya miaka miwili akapata mgeni ndani ya nyumba yake, na huyo mgeni ni mume wake.

Simlaumu anayeenda Ghuba. Karo na kodi ya nyumba havina huruma. Ninachosema ni kwamba ule wakati mfupi ambapo watu wawili wako huru, hawana mtoto wala mkopo wa shamba, sisi tunautumia kupanga rangi ya nguo za wasimamizi.

Tuwe wakweli pia, si kila kitu ni uzembe wetu. Pasipoti ya Mjerumani inafungua milango ambayo yetu inabisha hodi hadi mkono unauma. Tangu Juni 2024, ombi la viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa, hela hairudi. Wawili ni yuro 180 za kubahatisha.

Halafu angalia wanachotaka: taarifa za benki, barua ya mwajiri, ithibati kwamba una sababu ya kurudi nyumbani. Sababu gani hizo? Kazi ya kudumu, familia, mali. Yaani kijana wa miaka 25 asiye na mtoto wala ploti, ambaye ndiye hasa ana nafasi ya kuzunguka, ndiye afisa wa ubalozi anamwona kama mtu atakayepotelea huko. Wanataka utulie kwanza ndipo utembee. Na ukishatulia, utatembea na nani? Uko na nepi mkononi.

Kwa hivyo achaneni na Paris kwanza. Kuna milango iliyo wazi na hatuingii.

Uganda na Rwanda, Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha kitaifa tangu 2014. Tanzania, Malawi, Zambia, Zimbabwe na Botswana unahitaji pasipoti tu, hakuna kuomba viza. Afrika Kusini, ambayo zamani ilitusumbua hadi wazee wakainua mikono, tangu Januari 2023 Mkenya anakaa siku 90 kwa mwaka bila viza. Mkitaka kuvuka bahari kabisa, kuna Ushelisheli na Mauritius hapa karibu, na mbali zaidi kuna Malaysia na Singapore. Mbebe tiketi ya kurudi na hela za kuonyesha.

Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh7,500. Ongeza chanjo ya homa ya manjano na ile kadi yake, usije ukarudishwa mpakani kama mzigo.

Mimi si mtoto wa tajiri. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nakula kwa kuandika na kushuti video ndogondogo za biashara za watu. Mpenzi wangu anasuka nywele. Mwaka mmoja na nusu tuliweka kando kila kilichobaki, kisha tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kutoka huko tukapita Mbeya hadi mpaka wa Tunduma, tukaingia Zambia, tukaona yale maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kule Livingstone, tukavuka Botswana, tukafika Johannesburg na mwishowe Cape Town. Wiki nane. Tulitumia kama Sh290,000 sote wawili pamoja na ndege ya kurudi, kwa sababu tulilala vyumba vya bei ya chini na kwa jamaa wa marafiki. Yeye alisuka watu njiani. Mimi niliandikia simu.

Picha ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini kilichobaki na faida si picha.

Tukiwa Lusaka, mamangu alipiga simu. Paa la jikoni limeng'oka na mvua, anahitaji elfu kumi na tano. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wote wawili. Tulikaa kwenye kile chumba cha wageni jioni nzima tukijadili kitu ambacho wapenzi wengi hukijadili wakiwa na mtoto wa pili na hasira ya miaka mitano: simu ya nyumbani ikilia, nani anaamua? Kiasi gani? Na kwao wakipiga, itakuwaje?

Tuliafikiana. Kila mwezi kuna fungu la kwetu na fungu la kwao, sawa kwa sawa, na likiisha limeisha. Mamangu alitumiwa elfu nane. Hadi leo hiyo ndiyo sheria ya keja yetu, na haijawahi kutuletea kelele.

Mambo mengine ni madogo lakini yanauma baadaye usipoyajua. Nilijua kwamba yeye akiwa na njaa hunyamaza, na si kununa. Yeye alijua kwamba mimi nikiugua nataka kuachwa nilale, sitaki kuulizwa maswali. Nilimwona akibishana na dereva wa teksi kwa nauli bila kumtusi. Basi likiharibika saa nane usiku, katikati ya msitu, ndipo unajua huyu mtu mtalea naye mtoto au mtaumizana. Mikahawa ya Nairobi haiwezi kukuonyesha hayo, hata mkitoka kila Jumapili kwa miaka mitatu.

Najua pingamizi zenu, nimezisikia zote.

Ya kwanza: "Umri wa mwanamke haungoji." Kweli, na uzito wa neno hili humwangukia msichana peke yake. Mwanamume wa miaka 30 anaulizwa kuhusu gari. Msichana wa miaka 26 anaulizwa kuhusu mimba, hata mazishini. Lakini sijasema mzunguke miaka kumi. Uwezo wa mwanamke kupata mimba hushuka zaidi baada ya miaka 35. Msichana wa 26 akisafiri miezi sita na mtu wake, anarudi akiwa bado 26 au 27. Shangazi avute pumzi.

Ya pili: "Kutembea na mtu kabla ya ndoa ni aibu." Sawa, basi oaneni. Mahari ipelekwe kwa kiasi, wazazi wabariki, muende kwa Msajili wa Ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 mnatoa notisi ya siku 21, mnafunga ndoa, mnatoka na cheti. Hizo siku 21 zinatosha kudungwa chanjo na kutafuta basi. Sherehe inaweza kuja baadaye, au isije kabisa.

Ya tatu ndiyo ngumu, na siidharau: "Mimi ninasomesha wadogo zangu watatu, nitoe wapi hiyo pesa?" Ndugu yangu, dadangu, wewe usijibebeshe deni kwa sababu ya makala. Mkopo wa kwenda kuzurura ni upuzi ule ule wa mkopo wa keki. Lakini wiki mbili Jinja, Kampala na Kigali kwa basi na kitambulisho, mkila rolex na brosheti, si mali ya matajiri. Ukubwa wa safari si hoja. Hoja ni muda: muda mrefu kiasi cha kutosha mtu kuchoka kujifanya.

Na wale wanaotutungia sera, msituache na hotuba. Pasipoti ya Umoja wa Afrika ilizinduliwa Kigali 2016, marais wakapewa za kwanza. Mkataba wa watu kutembea huru Afrika ulipitishwa 2018, na nchi zilizouridhia hadi leo ni chache mno. Vijana wa bara hili wako tayari kujuana. Wanachelewa foleni.

Wazazi wetu walijenga familia bila haya yote, ni kweli, na wengi walifaulu. Lakini wao walizungukwa na ukoo: mkigombana kulikuwa na mjomba nyumba ya pili. Sisi tunaanzisha familia kwenye chumba kimoja Kayole au Umoja, jirani hujui jina lake. Mtu mtakayefungiwa naye humo ndani, mjue kwanza.

Kwa hivyo wiki hii, omba pasipoti. Huna mpenzi? Omba vivyo hivyo. Huenda ukamkuta kwenye basi.