Mkataba wa Viyoyozi Si Hasara

Aliyewashauri wenye majengo ya biashara Dar es Salaam wasimwite fundi mpaka kiyoyozi kiharibike amewapotosha. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama mafuta ya gari; ikipungua, inavuja. Fundi wa dharura hujaza na kuondoka, tundu likabaki. Hewa ya chumvi nayo hula koili za nje, kompresa ikafanya kazi kupita kiasi na bili ya umeme ikapanda. Dawa ni mkataba wa matengenezo ya mara kwa mara.

Kweli, ipo mikataba inayoandika "huduma" bila kufafanua. Ikataeni. Daini kuoshwa kwa koili, vichungi na mabomba ya maji, kupimwa kwa uvujaji, na muda ambao fundi lazima awe amefika anapoitwa.

Wenye mitambo inayotumia gesi ya R-22 wadai pia mpango wa kuibadilisha: Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni inazitaka nchi zinazoendelea zipunguze gesi za kundi la R-22, yaani HCFC, kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030.