Kijiti cha mwisho cha Asahara
Wapenzi wa riadha tumezoea kumpima mkimbiaji kwa fainali ya mita 100, na kwa kipimo hicho Nobuharu Asahara wa Japani aliambulia patupu: alishiriki Olimpiki nne, kuanzia Atlanta 1996, asiiguse fainali hiyo hata mara moja. Lakini Beijing 2008, akiwa na miaka 36, alipokea kijiti cha mwisho katika fainali ya mbio za kupokezana vijiti, akaifikisha Japani nafasi ya tatu kwa sekunde 38.15, kisha akakirusha kijiti juu kwa furaha. Baadaye shaba ile iligeuka fedha, Jamaika ilipopokonywa dhahabu baada ya mkimbiaji wake Nesta Carter kukutwa na dawa iliyokatazwa. Wanaopenda kuwastaafisha wanariadha wakigonga thelathini wakumbuke: kupokezana vijiti kunataka mazoea na utulivu, si miguu mibichi tu.